Eti pikipiki ikinguruma ndiyo inakimbia? Nimepima mwenyewe!

Leo naomba uniwie radhi, sitaongelea mapenzi wala mitindo ya nywele. Leo naongelea ekzosi. Hebu ngoja, usifunue ukurasa! Hata wewe dada'ngu unayekaa siti ya nyuma, mkono mmoja kwenye begi na mwingine umeshikilia wigi lisipae, haya yanakuhusu. Nauli yako ndiyo inayonunua hayo madude.

Kisa kilianza hivi. Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anapiga bodaboda hapa hapa Dar. Pikipiki si yake bado. Yuko kwenye mkataba: kila siku anampelekea bosi hesabu ya shilingi elfu kumi, mvua inyeshe jua liwake, na muda ukitimia chombo kinakuwa mali yake. Imebaki miezi minne. Miezi minne tu! Injini ikimfia leo, bosi anachukua chuma chake na dogo anaanza moja, kama vile hajawahi kupeleka hata senti.

Sasa Jumatano moja dogo kaja ghetto kwangu, kanuna mpaka mdomo unagusa kifua. Kijiweni kwao kaingia msela mmoja mwenye pikipiki kama ya kwake, cc 150, lakini ya yule "imechangamshwa". Ekzosi imefunguliwa tumbo, chujio la hewa limetupwa, plagi ni ile ya bei mbaya, kabureta ni ya pikipiki kubwa. Akiwasha tu, paka wa mtaa mzima wanapanda ukutani. Abiria vijana wote wanamkimbilia yeye. Na siku moja walipotoka pamoja kwenye mataa, eti dogo aliachwa kama kapaki.

"Bro," akaniambia, "nina laki na nusu nimeificha. Fundi kasema kwa laki na arobaini ananiwekea kila kitu, inakimbia kama mshale."

Laki na nusu hiyo naijua. Ni ya dharura, ameiweka kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa ambalo hata mama yake halijui. Nikamuuliza swali moja tu: nani kapima?

Akanitazama kama nimemtukana. "Kupima nini, bro? Si inasikika!"

Mimi si fundi. Fizikia ya kidato cha nne nilipata D, na hata hiyo nadhani msahihishaji alinionea huruma. Lakini hilo neno "inasikika" lilinikera. Jirani yangu ana jenereta linalosikika mpaka mtaa wa tatu na haliwezi kuwasha pasi.

Kesho yake tukaenda kwa fundi. Gereji ni chini ya mwembe: turubai moja, kompresa moja na redio. Fundi ni mtu mzima, nikampa shikamoo yake, akaitikia huku mikono iko ndani ya injini ya mtu. Nikamwambia ukweli bila kuzunguka, kwamba dogo ana hela lakini tunataka kwanza kujua kama kitu kinafanya kazi. Nilitegemea atatutimua. Badala yake akacheka, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasema: "Vijana, mimi nafunga hivi vitu kila siku. Hajawahi kuja hata mmoja na saa."

Tukapatana. Fundi anatuazima ekzosi ya wazi, kabureta kubwa na plagi ya bei mbaya. Sisi tunampa elfu ishirini ya ufundi, maana kazi ni kazi. Pikipiki ikipunguza nusu sekunde kwenye mita 400 za kutoka kusimama, dogo ananunua vyote. Isipopunguza, vitu vinarudi kwenye boksi na supu juu yangu.

Kabla sijakupeleka barabarani, ngoja nikupe darasa la bure. Wakati fundi anafungua alikuwa anafundisha, na mimi nilikuwa naandika kwenye karatasi ya maandazi, mengine nikaenda kuyasoma mwenyewe.

Injini ni pampu ya hewa, basi. Pistoni ikishuka inanyonya, ikipanda inabana, plagi inachoma, moshi unatoka, mchezo unaanza upya. Chukua ile Boxer ya 150 unayoiona kila kona. Kwenye karatasi zake injini ni cc 144.8, na inatoa nguvu za farasi 12 hivi ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Kwa mzunguko huo, ukipiga hesabu ya darasani, inataka kumeza zaidi ya lita 500 za hewa kila dakika. Mapipa mawili na ushei! Na petroli haiungui peke yake, gramu moja inataka gramu kama 14.7 za hewa. Kwa hiyo anayetaka nguvu zaidi lazima aingize hewa zaidi. Mpaka hapo wale masela wanaotoa chujio na kufungua ekzosi si wajinga. Wanafungua njia ya hewa kuingia na njia ya moshi kutoka.

Tatizo kuna mlango. Ukizungusha mkono wa mafuta unafungua mlango wa kabureta. Mjini hapa, kwenye foleni ya Mwenge au Buguruni, mlango wako uko robo, ukibahatika nusu. Hapo kinachobana hewa ni mlango wenyewe. Unaweza kutoa chujio, ukatoa ekzosi, ukatoa na siti, injini haitapata kitu, kwa sababu mkono wako mwenyewe umeifungia. Madude yale yanafanya kazi, kama yanafanya, pale mlango unapokuwa wazi mpaka mwisho. Bodaboda wa Dar anafungua mpaka mwisho mara ngapi kwa siku, na kwa sekunde ngapi kabla hajakutana na tuta?

Halafu ekzosi si bomba la maji machafu. Moshi unatoka kwa vishindo, na kila kishindo kinatuma wimbi ndani ya bomba, linakwenda na kurudi. Waliotengeneza pikipiki wamechagua urefu na tumbo la bomba ili wimbi likirudi, liisaidie injini kwenye mizunguko ile unayoitumia zaidi. Ukikata popote unapojisikia, unaweza kupata kidogo kule juu kabisa injini inapolia, ukapoteza pale katikati unapohitaji kuondoka na abiria.

Na chujio sasa. Hapa naomba nitoke nje ya njia kidogo, maana hii hadithi niliipenda. Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki ya CG125. Waliona kwamba kwenye nchi kama zetu pikipiki zao zinakufa mapema, kwa sababu zinapakia mizigo kupita kiasi, zinakula vumbi na sevisi hazioni. Wakatengeneza kwa makusudi injini ya kizamani kidogo, valvu zinasukumwa kwa fimbo badala ya kamshafti kukaa juu na cheni yake, ili ivumilie mateso. Wachina wakaiiga, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani kwetu zina injini ya ukoo huo. Yaani kuna watu Japani walikaa vikao kufikiria vumbi letu, halafu sisi tunachukua bisibisi tunatoa chujio ili mlio uwe mtamu! Vumbi la barabarani ni mchanga laini, likiingia ndani linakwangua silinda na ringi kama msasa. Hutaliona wiki hii. Utaliona siku pikipiki inaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili kama chai.

Haya, twende barabarani.

Jumapili alfajiri tulivuka Kigamboni, kuna barabara ya lami imepita kwenye viwanja ambavyo bado ni vichaka, hakuna nyumba, hakuna mtoto wa shule, hakuna hata mbuzi. Dogo kavaa helmeti, koti na viatu vya maana. Tulipima mita 400 kwa futi kamba ya wapima viwanja, mita 50 mara nane, tukapiga mistari kwa chokaa. Mimi mwisho na saa ya simu, mshikaji mwingine mwanzo na kitambaa chekundu. Trafiki, kama unasoma hapa, hii ni hadithi tu. Teh teh teh!

Siku ya kwanza hatukugusa kitu. Dogo akapita mara sita, tatu kwenda na tatu kurudi, maana upepo wa baharini ukikusukuma mgongoni unakufanya ujione bingwa. Na hapo ndipo nilipopigwa butwaa la kwanza. Pikipiki ileile, mtu yuleyule, barabara ileile, imetupa kuanzia sekunde 21.1 mpaka 21.8! Wastani 21.4. Hakuna aliyegusa hata nati. Sasa fikiria mtu anayepita mara moja kabla na mara moja baada ya kufunga ekzosi. Akibahatika kupata ile 21.8 kwanza na 21.1 baadaye, kesho yuko kijiweni anaapa kwa jina la bibi yake kwamba ekzosi imempa karibu sekunde nzima.

Mtego wa pili ni jua. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi. Alfajiri ya nyuzijoto 24 na mchana wa nyuzijoto 32, hewa inapungua uzito karibu asilimia 3, na nguvu ya injini inapungua nayo. Ukipima ya kawaida mchana, ukapima iliyochangamshwa asubuhi, jua ndilo limekupa ushindi. Ndiyo maana tulipima Jumapili zote saa moja kasoro. Ndugu zangu wa Mbeya mko kama mita 1,700 juu ya bahari, kule hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko huku kwetu. Pikipiki zenu zikionekana nzito msimtukane fundi.

Mtego wa tatu ni ile saa ya spidi. Yule msela ana video kwenye simu, mshale umegusa 120. Msomaji wangu, saa hizi zinatengenezwa kwa kanuni kwamba zinaruhusiwa kuzidisha kidogo lakini haziruhusiwi kupunguza. Tulifunga simu inayosoma setilaiti. Mshale ukisema 90, simu inasema 83. Kwa hiyo usinioneshe mshale.

Jumapili ya pili, ekzosi ya wazi peke yake. Mungu wangu! Ndege wote wa Kigamboni waliamka. Dogo alirudi kwenye mstari anacheka mpaka jino la mwisho. "Bro, umeona? Inavuta! Nimeisikia kwenye kiti!" Nikaangalia karatasi yangu. Wastani sekunde 21.5.

Hakuamini. Akasema nimechelewa kubonyeza. Tukabadilishana, mshikaji akakaa kwenye saa. 21.4. Nikamziba dogo masikio kwa pamba chini ya helmeti, apite tena bila kusikia ule muziki. Safari hiyo alirudi kimya, akasema: "Imekufa nguvu, nini kimetokea?" Hakuna kilichotokea, mwana. Sekunde zilikuwa zilezile.

Tukaweka kabureta kubwa na kutoa chujio. Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Ukifungua mafuta ghafla injini inakaba, inakohoa, ndiyo inaondoka. Sekunde 21.9. Fundi, ambaye safari hii tulimpakia nyuma kwa sababu alitaka kushuhudia, akatoa plagi akatuonesha: nyeupe kama chokaa. Maana yake hewa imezidi, mafuta yamepungua, injini inaungua kwa joto. Ukiiacha hivyo ukaenda nayo Chalinze, unaweza kurudi umeibeba kwenye kirikuu. Akabadilisha jeti akaweka yenye tundu kubwa, akahangaika nayo saa nzima, akaibembeleza kama mtoto mwenye homa. Hatimaye wastani 21.2.

Haya, tumepata! Sehemu mbili za kumi za sekunde! Lakini kumbuka, pikipiki ambayo haijaguswa ilikuwa inapishana yenyewe kwa yenyewe kwa sehemu saba za kumi. Nikimwambia mtu kwamba hiyo mbili ni kweli, nitakuwa natafuta sifa. Inaweza kuwa kweli. Inaweza kuwa dogo alikunywa chai ya moto.

Na kwenye spidi ya mwisho usitegemee miujiza. Upepo haupandi bei kidogo kidogo. Nguvu unayohitaji kuupasua inakwenda kwa mara tatu, yaani spidi mara spidi mara spidi. Hata ukifanikiwa kuongeza nguvu ya injini kwa asilimia 5 kamili, ambayo si mchezo, pikipiki iliyokuwa inaishia 90 itaishia 91 na nusu. Laki na arobaini kwa kilomita moja na nusu! Mimi kwa hela hiyo nainama tu kwenye usukani.

Kilichobadilika kweli kilikuwa mafuta. Tulijaza tangi mpaka shingoni, dogo akapiga kazi yake ya kawaida, tukajaza tena. Kabla ya madude, kilomita 42 kwa lita. Baada ya madude, 34. Dogo kwa siku anapiga kama kilomita 130. Ukihesabu lita kwa elfu tatu, hapo ameongeza zaidi ya shilingi elfu mbili kila siku. Siku 26 za kazi ni karibu elfu hamsini na saba kwa mwezi. Nikamwandikia hiyo hesabu kwenye ile karatasi ya maandazi. Akaiangalia muda mrefu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakusema kitu.

Jumapili ya tatu nilikuwa nimeshakata tamaa, naandaa hela ya supu. Fundi akasema: "Subirini. Mmepima madude, sasa pimeni ufundi." Akarudisha kila kitu cha kiwandani. Kisha akafanya sevisi ambayo dogo alikuwa anaikwepa tangu mwaka jana. Chujio lilipotolewa lilikuwa limejaa uchafu kama zulia la mlangoni, akaweka jipya. Akaosha kabureta, akapima tapeti, akaweka plagi ya kawaida ya bei poa, akabadilisha oili, akaisafisha cheni na kuikaza sawasawa. Akazungusha tairi la nyuma kwa mkono, likagoma! Breki ilikuwa inashika muda wote. Dogo alikuwa anaendesha na breki imeuma miezi na miezi. Mwisho akajaza upepo, tairi zote mbili zilikuwa laini kama chapati.

Ufundi na vifaa, vyote pamoja elfu thelathini na nane.

Akapita mara sita. Wastani 20.7. Nikarudia kupiga hesabu, nikampa mshikaji naye apige. 20.7. Sehemu saba za kumi za sekunde, na safari hii ile mbaya kuliko zote ilikuwa 21.0, yaani chini ya ile nzuri kuliko zote ya siku ya kwanza. Mafuta? Kilomita 46 kwa lita.

Dogo alikaa chini kwenye lami. "Kwa hiyo nilikuwa nayo muda wote?"

Ila nisiwe mnafiki, fundi alitushinda kwenye jambo moja. Alisema kitu pekee cha bei rahisi ambacho mtu atakihisi hata akizibwa masikio ni sproketi. Ya nyuma ilikuwa na meno 43, akatuwekea ya meno 46. Tukaenda kupanda vilima vya Pugu, mimi nikiwa abiria na kilo zangu 78. Pale ambapo mwanzo dogo alilazimika kurudi gia ya tatu, sasa ilipanda na ya nne, tena inaimba. Hiyo ni asilimia 7 ya mvuto kwenye tairi, unaihesabu kwa vidole. Lakini hakuna cha bure: nguvu ya injini ni ileile, umebadilisha tu namna ya kuigawa. Kwenye tambarare injini inalia juu zaidi kwa spidi ileile, na mwisho wake unafika mapema. Anayefanya kazi Kisarawe aweke, anayefanya kazi Kariakoo aache. Dogo aliirudisha ya 43.

Nguvu ya kweli, fundi alisema tukiwa tunakunywa supu (ambayo nililipa, maana ahadi ni ahadi), inatoka kwenye cc. Ukitaka injini imeze hewa zaidi, mpe tumbo kubwa, au nunua pikipiki kubwa. Kubowa silinda na kuweka pistoni kubwa kunaongeza kweli, ila bei yake, joto lake na umri wa injini baada ya hapo ni mambo ya mtu mwenye pikipiki ya pili nyumbani. Nikamuuliza, sasa fundi, kama unajua haya yote, mbona unawafungia vijana ekzosi za wazi? Akamung'unya mfupa wake, akanijibu bila aibu: "Mteja akitoa hela anataka aisikie hela yake. Nikimwoshea kabureta anasema nimemwibia. Nikimtobolea ekzosi ananiletea na wenzake."

Lakini msomaji wangu, kuna kitu kilikuwa bado kinaniwasha. Kama madude hayaongezi kitu, yule msela alimwachaje dogo kwenye mataa? Nikamuuliza taratibu: siku ile ulikuwa peke yako?

Kimya.

"Dogo, ulikuwa na abiria?"

"Nilikuwa na mama mmoja."

"Mama tu?"

"Na ndoo ya dagaa."

Lahaula! Fundi alicheka mpaka supu ikampalia. Pikipiki na mafuta yake ni kama kilo 120, dogo 80, mama na ndoo tuseme 85. Jumla 285. Yule msela alikuwa peke yake, mwembamba kama fagio, yeye na chuma chake hawafiki 180. Dogo alikuwa amebeba zaidi ya nusu ya uzito mzima wa mwenzake juu yake, na breki imeuma, na tairi hazina upepo. Hapo hata ungemwekea injini ya ndege.

Sasa hivi hali ni hivi. Laki na nusu imebaki laki na kumi na mbili, kwenye kopo lilelile. Zile elfu ishirini za ufundi nililipa mimi, ndiyo maana mwezi huu mnaniona na shati moja. Hesabu ya bosi inakwenda. Yule msela bado yupo kijiweni, bado paka wanapanda ukutani, na bado vijana wanampenda. Dogo anasema juzi kamwona amesimama kwenye kibanda cha mafuta mara mbili kwa siku moja, na nyuma kumeanza kutoka moshi wa bluu. Hakumwambia kitu. Nilimuuliza kwa nini, akasema angemwambia asingeaminiwa, maana pikipiki yake haisikiki.

Kabla sijaweka kalamu chini, kuna jambo moja lazima nilikiri, na naomba mniombee. Wiki iliyopita dogo alikuja tena kuninung'unikia kwamba anajisikia vibaya hakuna hata dude moja tulilobakiza. Nikamwonea huruma. Nikaenda kwa fundi, tukapanga. Tukamwambia: sawa, tunakufungia ile plagi ya bei mbaya, zawadi kutoka kwa kaka yako. Fundi akaitoa plagi, akageuka upande, akaifuta vizuri kwa petroli mpaka ikang'aa, akairudisha ileile.

Dogo akazunguka mtaa mara moja. Akarudi macho yamemtoka. "Bro! Umeona sasa? Hii nimeihisi kabisa! Imechangamka!"

Tangu siku hiyo anawasimulia kijiwe kizima, na wawili wameshaenda kwa fundi kuulizia bei. Anaponiona ananipa lifti bure mpaka kituoni. Gazeti hili huwa halinunui, ila kijiweni kwao kuna mtu hulisoma kwa sauti. Kwa hiyo kama wiki ijayo utaona safu hii imechelewa kufika mtaani, ujue naileta kwa miguu. Ciao!